Mlafi na Maji ya Sabuni

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama mkubwa naye shikamoo yake, mfikishie ikiwa bado ya moto. Nyonga yake inaendeleaje? Juzi uliponiambia ameanza kutembea kutoka kitandani mpaka dirishani bila kushikwa nilifurahi, na ulipoongeza kwamba ameanza pia kulalamikia chumvi ya mapishi yako nikajua amepona kweli. Mimi mwanao sijambo. Kile kikohozi kimekwisha. Nyumba ipo salama, bomba la jikoni nimelitengeneza, na jirani wa ng'ambo ya ukuta anakusalimu sana. Kila nikipita huniuliza unarudi lini, nami humjibu ni mwisho wa mwezi.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu uliyeongea naye kwenye simu Alhamisi. Nadhani mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa bado bwenini, nikiomba viatu. Sababu ya kushika kalamu ni kwamba simu nimeijaribu mara tatu. Mara zote tatu nilianza vizuri, ukaniuliza habari za Mlafi, nikasema anaendelea vizuri, ukafurahi, nami nikageuza mazungumzo haraka haraka nikakuuliza umekula nini. Kwenye simu kuna upenyo wa kutorokea. Karatasi hii nimeiweka mezani tangu saa moja asubuhi na mlango nimeufunga, hivyo leo sina pa kukimbilia.

Barua hii ni ya Mlafi na ya Mama Pacha. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote simu, na uisome ukiwa peke yako. Mama mkubwa akiiona atataka isomwe kwa sauti, na aibu niliyo nayo inanitosha kwa msomaji mmoja.

Nianze na Mlafi, maana ndiye rahisi. Yu hai. Kati ya majani kumi na moja uliyoniachia yamebaki matatu, na vikombe vyake vyote vya zamani vilikauka nikavikata. Lakini pale katikati limechomoza jani jipya, na kwenye ncha yake kuna kitu kidogo kama punje ya mchele kinachoanza kuvimba. Kitakuwa kikombe. Kwa hiyo niliposema anaendelea vizuri sikudanganya sana, nilidanganya kiasi.

Nakumbuka siku wenzako wa maabara walipokuuliza unataka zawadi gani ya kustaafu. Walidhani utasema saa ya ukutani au seti ya masufuria. Wewe ukataka ule mmea uliouona kwenye kitalu cha maua karibu na hospitali, ule wenye vikombe vinavyoning'inia kwenye ncha za majani, kila kimoja na kifuniko chake, na ndani maji ya kuzamishia nzi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nikauita Mlafi, na jina likamkaa. Miaka minne umemtundika barazani. Kila asubuhi unachungulia ndani ya vikombe vile jinsi ulivyokuwa ukichungulia vichupa vya damu kazini, kisha unatutangazia Mlafi amekula nini: sisimizi wawili, mbu mmoja. Sijawahi kukwambia, lakini napenda sana sauti yako wakati ule.

Ulipoondoka kwenda kumuuguza mama mkubwa uliniachia maagizo mafupi. Maji ya mvua tu, kivuli chepesi, na nisimpe kitu. Hilo la nisimpe kitu ulilirudia mara ya pili ukiwa umeshakaa kwenye gari. Mama Pacha alikuwa amesimama getini na ndoo yake, akalisikia kama nilivyolisikia mimi. Tofauti ni kwamba yeye alilishika.

Unaijua kazi yangu, mama, na unakijua kichwa changu. Dukani kwetu tunauza mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Mtu anakuja na jani la nyanya lililojikunja, analitoa mfukoni, ananiwekea juu ya kaunta, nami naligeuza, nalinusa, namtajia ugonjwa na dawa yake. Wananiita Daktari. Nilisoma kozi ya miezi sita tu, na wewe ndiye uliyenilipia, lakini hilo jina sikuwahi kulikataa hata siku moja. Sasa mtu wa aina hiyo umwachie chungu chenye makumbi ya nazi na vipande vya mkaa, bila udongo wala chembe ya samadi, halafu umwambie asiguse! Kila nilipopita barazani niliona mgonjwa wa njaa. Nilijiambia kwamba mama yangu anajua damu, lakini mimea hajui. Nilitaka urudi ukute Mlafi amejaa baraza zima, unisifie mbele ya jirani.

Basi wiki ya pili, Jumamosi mchana, nilimhamishia kwenye chungu kikubwa. Nilimjazia udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nikamtilia mbolea ya kukuzia kijiko kimoja cha chai, kisha kwa ukarimu wangu nikaongeza cha pili. Na kwa kuwa pampu ilikuwa karibu, nikanyunyizia dawa ya wadudu baraza zima, kuta na dari. Mmea unaoishi kwa kula nzi, mama, mimi nikaua nzi wote nyumbani kwake. Yale makumbi yako niliyatupa, halafu nikanawa mikono nikiwa nimeridhika kabisa.

Hilo hukulijua. Wakati ule hukuniuliza, nami sikusema.

Jumatatu Mama Pacha alipokuja kufua alikiona kile chungu kipya. Aliniuliza kama ni wewe uliyeagiza. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo kazi inayonilisha, yeye aendelee na nguo. Alinitazama kidogo, akasema haya, akaenda zake kwenye karo. Miaka tisa amekuja kwetu siku tatu za wiki, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza nilimjibu kwa kiburi namna ile.

Haukupita mwezi, ncha za majani zikaanza kuwa nyeusi na majani yenyewe kugeuka njano. Vikombe vikakauka kimoja kimoja, kuanzia kwenye kifuniko kuteremka chini. Ndipo ulipoomba picha, na kwa kuwa ulisisitiza nikakutumia, ukaona mwenyewe ile njano. Yaliyofuata unayajua kwa upande wako: maji ya sabuni, wewe kumpigia Mama Pacha, yeye kukana, wewe kuniuliza tena, wewe kumwachisha kazi, na Ijumaa ile akaja kuchukua ndala zake na leso yake ya kujifunga kichwani, akaniachia ufunguo wa geti juu ya meza ya jikoni. Nitayarudia hayo. Ndiyo yaliyonikalisha kwenye kiti hiki.

Ulinifariji kwenye simu kwamba sasa sabuni imekoma, Mlafi atarudi hali yake. Hakurudi. Wiki mbili baada ya Mama Pacha kuondoka alikuwa amezidi kuwa mbaya, na dukani nilikuwa nashika tama mbele ya wateja. Ikabidi nimeze kiburi, nimfunge Mlafi kwenye gunia jepesi nimpeleke kule kitaluni alikotoka. Mwenye kitalu ni yule mama mnene anayening'iniza miwani shingoni. Hakuniuliza mengi. Alichota udongo kidogo kwa kidole, akaunusa, akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia ni msaidizi wa nyumbani. Akatazama shati langu. Nilikuwa nimevaa shati la kazini, lile lenye mfuko wa mbolea umechorwa kifuani. Akasema msaidizi wetu huyo lazima anapata mbolea kwa urahisi sana. Wateja wawili waliokuwa wanachagua mawaridi wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, sijui hata kwa nini.

Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Mmea huu asili yake ni mahali ambapo ardhi haina kitu, ndiyo maana ukajifunza kutega wadudu. Chakula chake unakipata juu, kwenye vikombe. Mizizi yake haijui mbolea, ukiitilia inaungua. Kilichokuwa kinamuua Mlafi ni shibe niliyomlazimisha. Nikaambiwa nimtoe kwenye ule udongo, nioshe mizizi mpaka iwe safi, nimrudishe kwenye makumbi na mkaa, na nimpe maji ya mvua peke yake. Ya bomba hapana, yana chokaa.

Maji ya mvua nitayatoa wapi? Mvua zilikata siku chache baada ya wewe kuondoka. Nilifika nyumbani nimechoka, nikaenda nyuma ya karo kutafuta beseni la kuoshea mizizi. Huko huwa siendi, unajua. Nikakuta madumu manne ya lita ishirini yamepangwa ukutani, yamefunikwa gunia yasipigwe na jua. Kila moja lilikuwa limefungwa kitambaa chekundu shingoni ili asije mtu akalichukua kwa kufulia. Nikafungua moja, nikaonja. Maji ya mvua, matamu, masafi. Mama Pacha aliyakinga kwenye mchirizi wa paa zile siku za mwisho za mvua, tena hakuna aliyemtuma. Pembeni kulikuwa na madumu mengine mawili yenye kitambaa kama hicho, matupu.

Nilikaa chini pale karoni. Maji ya hayo mawili matupu nilijua yalikwenda wapi.

Sasa nakuja kwenye lile lenyewe, mama, nami nitaliandika moja kwa moja kwa sababu nikilizungusha nitalikimbia tena.

Hakukuwa na maji ya sabuni. Hayakuwepo siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Uliponipigia baada ya kuona picha nilikuwa nyuma ya kaunta. Mbele yangu walisimama watu wanne, mmoja ameshika jani la kabichi anasubiri nimwambie la kufanya. Ukaniuliza kwa sauti ile ya maabara, umempa nini? Ningesema mbolea, wote wangesikia Daktari ameua ua la mama yake kwa mbolea. Nikasema labda Mama Pacha amemmwagia maji ya kufulia. Nilisema labda. Nilitaka tu simu iishe. Lakini wewe ulilishika, ukasema utamuuliza, nami sikufungua kinywa kulirudisha. Nikamgeukia mtu wa kabichi.

Alikana, kama ilivyokuwa haki yake. Ndipo ukanipigia tena, jioni hiyo hiyo, ukaniuliza kama nimeona kwa macho yangu. Hapo sikuwa dukani. Nilikuwa sebuleni peke yangu, hakuna mteja, hakuna wa kumwogopa. Nikakujibu nimemwona kwa macho yangu akimimina maji kwa jagi la kufulia.

Na kweli nilimwona, mama. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Jumatano moja Mama Pacha aliona ncha za majani zimeungua, akaja kuniambia anadhani mbolea imezidi. Akaniuliza kama anaweza kuisuuza kwa maji ya dumu, kidogo kidogo, itoke chini ya chungu. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikamwambia amwage anachotaka. Akasuuza siku ile, na Ijumaa, na Jumatatu, madumu mawili mazima, kwa lile jagi. Nilisimama dirishani nikamtazama, nikijua ni maji ya nini na kwa nini. Alikuwa anarekebisha kosa langu bila kunisema kwa mtu. Mimi nikachukua wema wake huo huo, nikautia sabuni, nikakupelekea wewe.

Ulisema maneno fulani usiku ule ambayo nayasikia hata sasa. Ulisema maji ya sabuni ungeyasamehe, mtu huchanganya ndoo, lakini kudanganywa baada ya miaka tisa huwezi kusamehe. Nilikujibu ndiyo mama.

Jambo halikuishia kwetu. Jirani ndiye aliyeniambia wiki iliyopita, bila kujua ananiambia nini. Kumbe yule mwalimu mstaafu wa barabara ya juu alikuwa amekubali kumchukua Mama Pacha kwa siku alizokuwa anakuja kwetu, na akakupigia kuuliza habari zake, nawe ukamjibu kwa ukweli unaoujua kwamba ni mchapakazi ila si mkweli. Mwalimu akabadili nia. Na watu wa barabara ile wanaongea, mama. Mwanamke aliyeingia kwenye nyumba za watu na funguo zao mkononi umri wake wote, leo anaitwa mwongo kwa neno lako, na neno lako nimelitia sumu mimi.

Jana nilikwenda kwake. Nilibeba kilo mbili za sukari, na nilipofika kwenye ngazi nikaona aibu nazo. Pacha mmoja alinifungulia, akanipa shikamoo, akaniwekea kiti. Sikuweza kukikalia. Mama Pacha alikuwa anapiga pasi mashati ya watu, rundo limefika kiunoni, maana ndiyo kazi aliyopata. Aliniambia karibu, akaendelea na kola. Alianza yeye kuniuliza hali ya mama mkubwa, akauliza na Mlafi amefikia wapi, kama yale madumu niliyaona. Nikasema niliyaona. Halafu nikamwambia yote, nimesimama hivyo hivyo na mfuko wa sukari mkononi. Nilimwambia nilichosema dukani na nilichosema sebuleni, nikamwomba msamaha.

Alimaliza lile shati. Akalikunja, akaliweka juu ya mengine, akaiweka pasi isimame. Kisha akaniuliza kama wewe umeshajua. Nikasema bado, nilitaka kuanza na yeye. Akatikisa kichwa. Akasema yeye hakuhitaji kuambiwa, yeye siku zote alijua hakumwaga sabuni. Asiyejua ni mama yako, akasema, na mpaka ajue hapa kwangu hujafika. Akamwambia pacha anisindikize mpaka chini, na sukari nirudi nayo.

Hakunitukana, mama. Ningeshukuru angenitukana.

Ndiyo maana nimeandika. Sikuombi unitetee, wala sikuombi unielewe. Ukirudi utaniambia lolote unaloona linanistahili, na ukisema nitafute chumba pengine nitatafuta. Nina miaka thelathini na sita na nimemponza mwanamke wa umri wa shangazi yangu kwa sababu ya watu wanne na jani la kabichi. Kwa mwalimu mstaafu nitakwenda mwenyewe kesho kabla ya kufungua duka, nitamwambia nilichokwambia wewe, nikiwa na hilo shati langu la mbolea. Lakini najua la kwangu halitatosha. Aliyesikilizwa ni wewe.

Mlafi namwosha kwa maji ya Mama Pacha mpaka leo. Limebaki dumu moja na nusu. Nzi wameanza kurudi barazani na siwafukuzi.

Mpe pole tena mama mkubwa, na umwambie asijaribu ngazi kabla daktari hajamruhusu, daktari wa kweli namaanisha. Jirani anawasalimu nyote wawili. Wewe jitunze mgongo, usimnyanyue peke yako.

Namba ya Mama Pacha najua hukuifuta, wewe hufuti namba za watu. Ukimaliza kusoma, tafadhali mpigie yeye kwanza. Mimi usinipigie leo.

Wako mwenye haya,
Kitindamimba wako.